Mbuzi wa Ijumaa

Nilirudi Garissa kwa ajili ya mama. Dada zangu walikuwa wameolewa na kuhama, baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mama alikuwa akiongea na simu siku nzima ili nyumba isinyamaze. Sikurudi kwa ajili ya kiwanda. Lakini mji wetu hauna siri, na sikuwa hata nimefungua sanduku langu la nguo abti alipobisha mlangoni. Abti ni mjomba, kaka yake mama, na kwa desturi yetu neno hilo huenda na kurudi: mimi humwita abti, naye huniita mimi abti. Aliketi kwenye mkeka, akamaliza chai ya birika zima akizungumzia ukame na bei ya nyasi, ndipo akasema lililomleta.

"Umefanya kazi katika viwanda vya Nairobi. Njoo uniangalizie changu. Kinakufa, abti, na sijui kinaumwa nini."

"Mimi nilikuwa kwenye kiwanda cha biskuti."

"Biskuti za watu, biskuti za ng'ombe. Tofauti yake nini?"

Mama alicheka jikoni. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichonipeleka.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Masalani: banda kubwa la bati, ua wenye vumbi, na rundo la maganda ya mathenge lililozidi kimo cha mtu. Mathenge ni mti usio na rafiki kwetu. Miiba yake hutoboa tairi na kwato, na ukiupuuza hufunga njia na shamba. Lakini maganda yake ni matamu na mifugo huyapenda. Shida ni kwamba mbuzi akiyala mazima, mbegu hupita tumboni zikiwa hai, na kila anapopita panaota mathenge mwingine. Ukiyasaga, mbegu hufa na chakula hubaki. Hilo ndilo abti alilokuwa ameliona kabla ya wengi. Alinunua mashine, akaanza kusaga maganda, kuyachanganya na pumba za mahindi na molasi, na kuyashindilia kupitia sahani nene ya chuma yenye matundu mengi madogo. Chakula kilitoka upande wa pili kikiwa cha moto, katika vipande vyembamba kama penseli zilizokatwakatwa. Kikipoa kilitiwa maguniani.

Mwaka niliorudi mvua ilikuwa imetuacha msimu baada ya msimu. Wafugaji wa Hulugho walikuwa wakichanga na kutuma malori kuja kununua chakula, kwa sababu huko kwao ng'ombe walikuwa wakila maboksi. Nilikuta malori matatu nje ya lango, madereva wamelala chini yake. Yalikuwa yakingoja magunia ambayo mashine ilishindwa kuyatoa. Abti alisema tayari kuna mfanyabiashara wa Mwingi anayeitaka mashine, na kwamba mwezi ukiisha bila mabadiliko atamwuzia na kuwaambia wafanyakazi wakatafute riziki kwingine.

"Si kwamba hawafanyi kazi," alisema. "Wanafanya kazi kama punda. Lakini magunia hayaongezeki."

Zamu zilikuwa mbili. Ya kwanza iliingia alfajiri na kutoka alasiri, ya pili iliingia baada ya swala ya alasiri na kufunga usiku ulipoingia. Kila zamu ilikuwa na msimamizi wake, wazee wawili wa rika la marehemu baba, nami niliwaita wote wawili adeer, yaani baba mdogo, neno ambalo nalo huenda na kurudi, kama inavyompasa mtu aliyelelewa. Msimamizi wa asubuhi alikuwa mrefu, mwenye ndevu zilizotiwa hina, hatembei bila thamosi yake ya chai. Msimamizi wa jioni alikuwa mfupi na mpana, dereva mstaafu, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Nyumba zao zilipakana ukuta kwa ukuta, na hawakuwa wakisemezana. Kijana wa yule wa asubuhi alikuwa amemposa binti wa yule wa jioni, mahari ikazungumzwa, jamaa wakaalikwa, kisha kijana akaenda zake Nairobi na kutuma ujumbe kwamba amebadilisha nia. Tangu siku hiyo wazee hao walikuwa wakisali msikiti mmoja, kila mmoja kwenye pembe yake.

Na kulikuwa na mbuzi. Kabla sijafika, abti alikuwa ametangaza kwamba kila Ijumaa zamu iliyotoa magunia mengi itapewa mbuzi. Aliponisimulia nilimsifu. Alisema mwanzoni magunia yaliongezeka hata yeye akashangaa, kisha yakaanza kupungua, na mashine nayo ikaanza kuharibika kila mara.

Siku zangu za kwanza sikufanya lolote la maana kwa macho ya watu. Nilikaa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, nikaangalia. Wasimamizi walikuja kunisaidia kuangalia, kila mmoja kwa zamu yake.

"Adeer," aliniambia wa asubuhi, "wale wa jioni hawajui mashine. Nikija alfajiri nakuta matundu yote yameziba. Nusu ya asubuhi yangu inaliwa na uchafu wao."

Jioni yake mwenzake akaniambia maneno hayo hayo, tofauti ikiwa ni saa tu.

Aliyeteseka zaidi alikuwa fundi wetu, Mkamba wa upande wa Mwingi, mtu mpole aliyekuwa amekaa Garissa miaka mingi na bado akilalamikia joto kama mgeni wa jana. Sisi kwa sisi tulizungumza Kisomali, Kiswahili cha kiwandani kilikuwa chake, na abti, ambaye kama wengi wetu hutamka p kama b, alipomwuliza "Fundi, mashine imebona?" alijibu "Imepona, mzee" bila kutabasamu. Kila zamu ilipoanza nilimkuta amepiga magoti mbele ya ile sahani ya chuma, nyundo mkononi na msumari mrefu, akizibua tundu moja baada ya jingine.

"Madam, mimi si fundi tena," aliniambia. "Nimekuwa daktari wa meno."

Nikachutama karibu naye, tukaangalia pamoja kilichokuwa kikitoka kwenye matundu. Kilikuwa kigumu kama saruji. Molasi ya moto ikipoa ndani ya chuma hushika hivyo. Hata biskuti hufanya hivyo kwenye kalibu zake. Fundi akasema dawa yake inajulikana: kabla ya kuzima, unapitisha pumba zilizochanganywa na mafuta mpaka matundu yote yajae mafuta, na kesho mashine huamka kama haikulala. Pipa la pumba za mafuta lilikuwepo pale, limejaa, na buibui alikuwa amefuma kwenye mfuniko wake.

Alasiri ile nilisimama karibu na mashine. Watu wa asubuhi waliendelea kujaza magunia mpaka muadhini alipoanza kuita, wakazima, wakaenda kusali na kutoka. Nilimfuata msimamizi wao langoni.

"Adeer, mbona hamkupitisha pumba za mafuta?"

Alinitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayeulizwa kwa nini jua ni la moto. "Pumba za mafuta hazijazi gunia. Nikizipitisha, wakati huo ninapoteza magunia, na mwenzangu anakuta mashine safi na kunishinda. Nimpe mimi mbuzi kwa mkono wangu?"

Hakuwa akificha. Niliporudi jioni kumwuliza mwenzake, hakuficha pia. Watu wazima wawili, waungwana, walikuwa wakipeana mashine iliyokufa asubuhi na jioni, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Nikaenda kwa abti nikamwambia mbuzi aondolewe. Alikasirika.

"Niliahidi mbele ya watu. Ukame huu, watu hawajaona nyama, leo mimi niwanyang'anye mbuzi? Watasema nini kunihusu sokoni?"

"Mbuzi ndiye anayeua mashine, abti."

"Mbuzi hajawahi kuua mashine tangu dunia iumbwe. Tafuta jingine."

Basi nikatafuta jingine. Nilisema zamu ya jioni ije mapema, kabla ya swala, na zamu ya asubuhi isiondoke mpaka watu wa zamu zote mbili wamesimama mbele ya mashine, pumba za mafuta zimepita, na wasimamizi wote wawili wameridhika. Usiku kwa kufunga, mmoja wa zamu ya asubuhi angekuja vivyo hivyo kushuhudia. Abti alikubali kwa sababu haikumgharimu chochote. Wazee ndio waliokataa.

"Siwezi kusimama chini ya bati moja na mtu yule," alisema wa jioni, na nadhani mtu yule alimsikia kutoka nyumbani kwake.

"Adeer, sikuombi umpende. Nakuomba umwangalie akizima mashine."

Alikuja, kwa sababu nilikuwa mtoto wa marehemu rafiki yake na nilikuwa nimemwomba kwa adabu. Walisimama kila mmoja upande wake wa mashine kama ngamia madume wawili kwenye birika moja la maji. Fundi akawa katikati.

"Mwambie matundu ni safi," alisema wa asubuhi.

"Anasema matundu ni safi," alisema fundi.

"Mwambie nina macho."

"Anasema ana macho."

Vijana waligeuka kuangalia ukuta ili wasicheke. Lakini zamu ya jioni ilianza kazi bila msumari wala nyundo, na nililala vizuri siku hiyo. Haikudumu. Karibu na Ijumaa ushindani ulirudi: pumba za mafuta zikapitishwa kwa haraka, nusu ya zile zilizohitajika, na watu wakaanza kukimbia. Nilikuwa nikiona watu wakikimbia mahali ambapo mkanda wa mashine ulizunguka wazi, na nilikuwa nimeanza kumsumbua abti kuhusu mkanda huo. Alisema tutaufunika baada ya malori kuondoka. Malori hayakuondoka; moja likienda, jingine lilikuja.

Ilitokea Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, kupokezana kukiwa bado hakujaisha. Pipa la pumba za mafuta lilikuwa upande wa pili wa mkanda, na mtu aliyetaka kulifikia kwa njia ya mkato alilazimika kuruka. Aliyeruka alikuwa mpwa wa msimamizi wa jioni, mwana wa dada yake, mwanamume aliyekuwa amepata mtoto wake wa kwanza wiki chache nyuma na kutugawia halwa. Alivaa macawiis, lile shuka la kiunoni ambalo wanaume wetu huvaa nyumbani, sokoni na kazini. Pindo lake likashikwa na mkanda.

Sikusikia mayowe. Nilisikia sauti kama ya mtu anayepasua turubai, nikageuka, nikamwona akivutwa kinyumenyume kuelekea kwenye gurudumu, mikono imepanuka, mdomo wazi bila sauti. Mjomba wake alikuwa tayari amemrukia na kumkumbatia kiunoni, amekita miguu, anavuta. Ilikuwa kama kuvutana kamba na shetani. Kisha taa zikazimika na mlio wa mashine ukaanza kushuka. Msimamizi wa asubuhi alikuwa ameangusha thamosi yake na kuikamata swichi kubwa ya ukutani. Mkanda ulizunguka bado, kwa nguvu zilizobaki, mzunguko, na mwingine, shuka likipungua kwenye mwili wa mtu na kuongezeka kwenye gurudumu. Halafu likachanika lote. Mjomba na mpwa wakaanguka chali.

Chai ilikuwa ikimwagika taratibu sakafuni.

Mpwa akainuka kwa kiwiko. Alikuwa na kaptura tu, na alama nyekundu, pana kama kiganja, kwenye paja. Alijishika mguu mmoja, akajishika wa pili, akahesabu vidole vyake kwa macho. Kisha akatuona sote tukimwangalia, nami mwanamke nikiwa mbele.

"Jamani," alisema, "nipeni shuka."

Mtu mmoja akacheka, na kile kicheko kikatushika wote kama homa. Nilikaa kwenye vumbi la mathenge nikicheka na kulia, na sikujali nani anaona. Fundi alikuwa akisema "Asante Mungu, asante Mungu" kwa Kikamba na Kiswahili na hata kwa Kisomali kibovu.

Ni mmoja tu ambaye hakucheka. Msimamizi wa asubuhi alikuwa bado ukutani, mkono umeganda kwenye swichi, ameibana chini kana kwamba ingeinuka yenyewe. Msimamizi wa jioni akainuka, akajikung'uta, akaenda mpaka pale, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake.

"Imesimama," alisema. Sijawahi kumsikia akisema kwa sauti ndogo namna ile. "Iachie sasa. Imesimama."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Alhamdulillahi, mzima kabisa."

Wa asubuhi akaachia. Hawakukumbatiana wala kuombana radhi. Watu wa umri ule hawafanyi hivyo mbele ya vijana. Lakini walipokwenda kusali magharibi, nje kwenye mikeka, walisimama bega kwa bega, na yule mpwa aliyeazimwa kanga na mwanamke aliyetupikia chai alikuwa nyuma yao akichechemea. Baadaye tulimpeleka zahanati. Muuguzi alimpaka dawa, akamwuliza kama alipigana na fisi, akamruhusu aende nyumbani kwa mkewe.

Abti alifika tukiwa bado tumekaa. Nilijiandaa kwa makelele. Aliangalia vipande vya shuka vilivyojisokota kwenye gurudumu, akavigusa kwa kidole, akakaa juu ya gunia.

"Nani alizima?" aliuliza.

Wakamwonyesha.

"Wewe? Saa hiyo si ulikuwa uwe nyumbani kwako?"

"Huyu binti yako hatuachi kwenda nyumbani," alisema mzee. "Anatusimamisha hapa kama askari."

Abti aligeuka akaangalia ukuta, kisha gurudumu. Najua alikuwa akifikiri nilichokuwa nikifikiri mimi: zamu ya jioni peke yake, watu wote upande wa magunia, swichi ukutani na hakuna mkono wa karibu. Alipoinuka alinishika kichwa kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

"Zungushia mkanda huo chochote unachotaka," alisema. "Na kesho mbuzi ni mmoja na ni wa wote. Baada ya hapo sitaki kusikia habari za mbuzi humu ndani."

Tulifunga kiwanda mpaka kazi ya kufunika mkanda iishe. Hilo lilinitia hofu kuliko yote, kwa sababu nje ya lango wajumbe wa Hulugho walikuwa wakingoja, na mmoja wao alinijia juu.

"Ng'ombe wanaanguka kule, nyinyi mnajenga!"

Kabla sijajibu, msimamizi wa jioni alimshika bega. "Ndugu yangu, jana kidogo tumzike mtoto wa dada yangu. Kaa kivulini, unywe chai. Mashine ikiamka, gunia la kwanza ni lako." Yule mjumbe akatazama chini, akasema pole. Jioni alikuwa ndani ya banda akimshikia fundi bati la kukata.

Fundi alitengeneza kifuniko cha mkanda kwa mabaki ya bati na wavu wa chuma, kibaya kwa sura na imara kama lango la gereza. Pipa la pumba tulilihamishia upande wa kazi, hatua chache tu, na nikajiuliza kwa nini lilikuwa limeachwa kule tangu mwanzo. Hakuna aliyejua. Liliwekwa pale siku mashine ilipoletwa na watu wakazoea kuruka. Vita vya mwisho vilikuwa vya suruali. Nilisema hakuna macawiis karibu na mashine, na wanaume wakanitazama kana kwamba nimesema wavae gauni. Msimamizi wa jioni ndiye aliyewamaliza. Alikuja na suruali yake ya udereva, aliyoivaa akiwa mwembamba, imefungwa kwa kamba mahali ambapo kifungo kilikataa kufika.

"Cheka," alimwambia mwenzake.

"Sichelei kucheka, nachelea isije ikapasuka," alisema wa asubuhi, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yamepoa.

Mashine ilipoamka, iliamka vizuri. Pumba za mafuta zikapita kila kupokezana, bila haraka, kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kumshinda. Magunia yakaanza kupangwa mpaka tukakosa pa kuyaweka, na madereva wakalalamika kwamba hatuwapi tena nafasi ya kulala. Yule mfanyabiashara wa Mwingi alipiga simu. Nilimsikia abti akimwambia kwa upole kwamba mashine ina wenyewe. Fundi, aliyekosa meno ya kung'oa, akaanza kutengeneza redio na pasi za majirani, na siku moja nikamkuta anamfunza yule mpwa kuchomelea.

Kijana wa Nairobi hakurudi kuoa, na binti alipata mume mwingine, mwalimu wa Masalani. Msimamizi wa asubuhi alialikwa, akaenda, akala.

Mvua zilinyesha hatimaye, si nyingi, lakini za kutosha kufanya nyanda za Hulugho ziote majani. Tulitegemea wanunuzi watapungua, na walipungua, ila si kwa namna ya kututisha. Wenye ng'ombe wa maziwa mjini walikuwa wamezoea chakula chetu.

Wakati huo ndipo abti aliposema anataka kwenda Rhamu kumwona dada yake mwingine, habaryar wangu mkubwa, anayelima vitunguu kando ya mto Daua. Tangu afungue kiwanda hakuwa amelala nje ya Garissa. Mama alimfungia sambusa, nami nikajiandaa kwa simu: asubuhi angeuliza mashine, mchana mashine, jioni mashine. Siku ya kwanza simu haikulia. Ya pili pia. Nikaogopa, nikapiga mimi.

"Abti, uko salama?"

"Niko shambani, miguu iko majini," alisema. Nilisikia mto, au labda mfereji, na sauti ya habaryar akimwambia kitu. "Kuna shida?"

"Hakuna."

"Basi unanipigia kwa nini?" akasema, akakata.